Njiwa na Saa Yake: kwa nini mbio za njiwa zina msimu, na kwa nini njiwa wa kaka hawakurudi

Leo tunaanza na kesi ya familia, halafu tutakwenda Ubelgiji, Paris na Marekani, tutarudi Ngara, na mwisho wewe mwenyewe utatoa hukumu.

Nilikuwa darasa la sita. Kaka yangu alikuwa na njiwa kwenye kizimba cha mbao alichokigongelea chini ya paa la jikoni. Aliwapenda kuliko alivyopenda shule. Siku moja akasikia kwamba njiwa akipelekwa mbali hurudi mwenyewe nyumbani, basi hakulala. Mjomba wetu alikuwa anakwenda Biharamulo kununua bidhaa za duka, kaka akampa tenga lenye njiwa wanne. Maagizo yalikuwa mafupi: "Ukifika, mjomba, wafungulie."

Ilikuwa mwezi wa Novemba. Mjomba alisema aliwafungulia saa nane mchana, baada ya kumaliza shughuli zake. Jioni hiyo hakurudi hata mmoja. Kesho yake, hola. Siku ya tatu akatokea mmoja, mkia umenyofoka, amechoka hoi. Wale watatu hatukuwaona tena.

Kaka hakusema kitu mbele ya wazazi, lakini mimi aliniambia: mjomba kawauza. Au kawala. Kwa miaka mingi aliamini hivyo, na salamu zake kwa mjomba zikawa za mdomoni tu. Mimi nami niliamini. Sasa nimesoma kidogo, na nataka tuifungue upya kesi hii. Mashahidi wetu watakuwa upepo, mawingu, jua na saa.

Mchezo wa majirani zetu wa zamani

Huku kwetu Bisibo, kati ya Ngara na Biharamulo, njiwa ni wa kufuga, wa mboga na wa kupendezesha ua. Mbio za njiwa ni mchezo wa wenzetu wa mbali. Ila hao wenzetu hatukuwa mbali nao kama unavyodhani. Mwezi Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliiteka Biharamulo kutoka kwa Wajerumani. Wabelgiji walikaa upande wetu huu hadi 1921, walipowakabidhi Waingereza. Wao wakabaki na Rwanda na Burundi, na Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini, ukisimama ukingo wa Ruvubu na kutazama ng'ambo, ulikuwa unatazama nchi inayotawaliwa na taifa linalopenda mbio za njiwa kuliko taifa lolote duniani.

Ubelgiji mchezo huu ulishika mizizi karne ya 19, na ulikuwa wa wachimba makaa ya mawe, wafumaji na wafanyakazi wa viwandani. Mtu hakuhitaji shamba wala farasi. Alihitaji kibanda juu ya paa, nafaka kidogo, na subira. Leo mambo yamepanda bei: mwaka 2020 njiwa jike mmoja wa Kibelgiji, jina lake New Kim, aliuzwa kwenye mnada kwa euro milioni 1.6. Ndiyo, milioni, kwa njiwa mmoja.

Mbio zenyewe ziko hivi. Njiwa hawashindani kufika mahali pamoja, maana kila njiwa anarudi kwao. Wanapelekwa pamoja kwa lori hadi sehemu moja, wanaachiwa kwa wakati mmoja, na kila mmoja anaruka kwenda kizimbani kwake. Sasa utamjuaje mshindi, wakati huyu nyumbani kwake ni kilomita 480 na yule 510? Unachukua umbali wa kila njiwa, unagawanya kwa muda aliotumia. Mwenye mita nyingi kwa dakika ndiye mshindi.

Hapo ndipo saa inapokuwa kila kitu. Zamani njiwa alipofika, kuliwekwa vijana wa kukimbia kupeleka ushahidi kwa waamuzi wa chama, na nafikiri unajua ugomvi uliotokea hapo. Baadaye zikaja saa maalumu zilizofungwa kwa lakiri: mfugaji anavua pete ya mpira mguuni mwa njiwa, anaitumbukiza ndani ya saa, na saa inagonga muda usioweza kubadilishwa. Siku hizi pete ina chipu, njiwa akikanyaga mlango wa kizimba muda unajiandika wenyewe.

Lakini saa hiyo ya mlangoni ni ndogo. Kuna saa kubwa zaidi, ya msimu, na wafugaji waliisoma kwa hasara.

Somo la Aprili na somo la Desemba

Chukua matukio mawili ya karne ya 19.

La kwanza ni la Paul Julius Reuter, yule ambaye jina lake bado linabebwa na shirika la habari la Reuters. Mwaka 1850 waya za simu ya maandishi zilitoka Berlin zikaishia Aachen, na zile za kutoka Paris zikaishia Brussels. Katikati kulikuwa na pengo la kilomita 120 hivi. Treni ilichukua zaidi ya saa sita. Reuter akatumia njiwa, wakawa wanavuka kwa takribani saa mbili, wamebeba bei za masoko ya hisa. Alianza mwezi Aprili, yaani mwanzo wa majira mazuri ya Ulaya: siku zinarefuka, theluji imekwisha. Kazi ikaenda vizuri hadi waya ulipounganishwa na njiwa wakapoteza ajira.

La pili ni la Paris. Septemba 1870 majeshi ya Prussia yaliuzingira mji. Barua haziingii wala hazitoki. Wafaransa wakapakia njiwa wa Paris kwenye maputo ya hewa, wakavuka nao juu ya vichwa vya maadui, wakatua mikoani. Huko ujumbe ukapigwa picha na kupunguzwa hadi kuwa mdogo mno, kazi iliyofanywa na mpigapicha René Dagron, kiasi kwamba njiwa mmoja aliweza kubeba maelfu ya ujumbe kwenye kijirija kilichofungwa mkiani. Halafu njiwa wanaachiwa warudi kwao Paris.

Akili kubwa, au siyo? Lakini kati ya njiwa mia tatu hivi walioachiwa, waliofika ni kama mmoja kwa kila watano. Na kadiri majira ya baridi yalivyozidi, ndivyo walivyozidi kupotea.

Kwa nini Reuter alifaulu na Paris ikahangaika? Ndege ni wa aina ileile. Umbali wa Paris haukuwa wa kutisha. Kutoka Tours ni kilomita 200 na kidogo, safari ya saa tatu. Tofauti ni kalenda. Desemba mjini Paris mwanga wa jua unadumu saa 8 tu na dakika chache. Kuna ukungu, kuna theluji iliyobadilisha sura ya nchi, kuna baridi. Kuna na vipanga wenye njaa, na askari wenye bunduki. Njiwa wa mbio hapendi kuruka usiku. Akichelewa kidogo giza linamkuta, anatua mtini asikokujua, na hapo maisha yake yako mikononi mwa wengine.

Vita haikuwapa Wafaransa nafasi ya kusubiri Aprili. Wafugaji wa mbio wanayo, na ndiyo maana msimu wa Ubelgiji huanza Aprili na kwisha Septemba. Masika yao ni ya mbio fupi, za kuwapasha misuli. Zile ndefu kabisa huwekwa Juni na Julai, siku zinapokuwa ndefu kuliko zote. Mbio maarufu za kutoka Barcelona, ambazo kwa wafugaji wa Ubelgiji ni kama kilomita 1,000, huanza mapema Julai.

Sasa fanya hesabu na mimi. Njiwa mzuri, hewa ikiwa tulivu, anakwenda kama kilomita 75 kwa saa. Kilomita 1,000 ni zaidi ya saa 13. Ubelgiji mwishoni mwa Juni mwanga unadumu saa 16 na zaidi, kwa hiyo njiwa shupavu mwenye upepo mzuri anaweza kuifikiria safari hiyo kwa siku moja, ingawa wengi hulala njiani. Huku kwetu karibu na ikweta siku ni saa 12 mwaka mzima. Kwa kasi hiyo, mbio za kilomita 1,000 kwa siku moja haziwezekani hapa, Juni wala Desemba. Mbegu iwe ya kifalme, mtama uwe bora, jua halikuongezei hata robo saa.

Upepo: omo na tezi

Watu wa pwani wana maneno ambayo mfugaji wa njiwa angeyahitaji sana. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Upepo wa omo unakupiga usoni. Na kuna ule msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Njiwa naye ndivyo alivyo, akienda kote atarudi. Lakini atarudi lini, hilo upepo ndio unaoamua.

Tuseme safari ni kilomita 500, na upepo ni kilomita 20 kwa saa. Ukimsukuma kwa nyuma, kasi yake juu ya ardhi inakuwa 95, na anafika baada ya saa tano na robo hivi. Ukimpiga usoni, kasi inashuka hadi 55, na safari inakuwa ya saa tisa. Njiwa yuleyule, siku tofauti, saa nne zaidi za kupiga mbawa bila kunywa maji. Ndiyo maana mwenye dhamana ya kuwaachia njiwa halali vizuri: anaangalia hali ya hewa mahali alipo, njia nzima, na nyumbani wanakokwenda. Hali ikiwa mbaya, anaahirisha kwa saa kadhaa au kwa siku. Njiwa wanakaa kwenye lori, wanalishwa, wanasubiri.

Joto nalo lina sehemu yake. Hapa Afrika, Sun City nchini Afrika Kusini kulianzishwa mwaka 1996 mashindano makubwa ambayo njiwa wa nchi mbalimbali walilelewa kwenye kizimba kimoja na kuachiwa pamoja. Tofauti na Ulaya, fainali zake zikawekwa katika kiangazi cha kusini, Januari au Februari. Huko adui si theluji bali jua kali na kiu.

Na kuna manyoya. Kila mwaka njiwa hubadilisha manyoya kumi makubwa ya kila bawa, moja baada ya jingine, mpaka msimu wa baridi unapokaribia. Bawa lenye pengo ni kama tanga lenye tundu. Mwili wa njiwa hupanga kazi hii kwa kufuata urefu wa siku, kwa hiyo wafugaji wa Ulaya wamejifunza kuwatia makinda gizani kwa saa kadhaa kila siku wakati wa masika, ili mwili udhani siku bado ni fupi na ucheleweshe manyoya. Yaani wanamdanganya njiwa kwa kuchezea saa yake.

Kumbe njiwa ana saa? Ndiyo. Na hapa historia yetu inahama kutoka kwa wafugaji na kuingia maabara.

Mawingu na sumaku

Miaka ya 1950 mwanasayansi Mjerumani Gustav Kramer alionyesha kwamba ndege hutumia jua kama dira. Lakini fikiria kidogo: jua halitulii. Asubuhi liko mashariki, jioni magharibi. Dira inayotembea inasaidia nini? Inasaidia kama unajua ni saa ngapi. Ukijua kwamba sasa ni asubuhi mapema, basi jua lilipo ni mashariki, na pande nyingine unazipata. Njiwa analifanya hilo kwa saa iliyomo mwilini mwake, inayorekebishwa na mwanga wa kila siku.

Wakaijaribu kwa hila. Wakamfungia njiwa kwenye chumba chenye taa zinazowaka na kuzimika saa sita mapema au saa sita baadaye kuliko jua la nje. Baada ya siku kadhaa saa ya mwili ikahama. Wakamtoa, wakamwachia siku ya jua. Akaruka kwa kujiamini kabisa, lakini upande usio wake, akiwa amepinda karibu nyuzi 90. Hesabu inakubali: jua huzunguka nyuzi 15 kwa saa kwa wastani, mara sita ni 90.

Siku ya mawingu mazito mambo yakageuka. Njiwa wenye uzoefu waliochezewa saa waliruka sawasawa kwenda nyumbani, kwa sababu jua halikuwepo la kuwadanganya. Sasa walitumia nini? Mwaka 1971 William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha jaribio la kuwabandika njiwa vipande vya sumaku. Siku ya jua, sumaku haikuwasumbua. Siku ya mawingu, njiwa wenye sumaku walichanganyikiwa. Mwaka 1974 Charles Walcott na Robert Green waliwavisha njiwa vikoili vya umeme kichwani, na wao pia wakaona kwamba siku za mawingu uga wa sumaku ukigeuzwa, njiwa anageuka. Waliorudia majaribio ya sumaku hawakupata matokeo yaleyale kila mara, na mabishano yaliendelea. Lakini wazo kuu lilibaki: njiwa ana zaidi ya dira moja, na hali ya hewa ndiyo inayoamua ipi itumike.

Dira peke yake hata hivyo haitoshi. Dira inakuonyesha kaskazini, haikwambii nyumbani ni wapi. Mwaka 1972 Floriano Papi na wenzake wa Pisa, Italia, walionyesha kwamba njiwa wasioweza kunusa hushindwa kurudi kutoka mahali wasipopajua. Maelezo yao ni kwamba njiwa akiwa kizimbani hujifunza harufu zinazoletwa na upepo wa kila upande. Kwa hiyo upepo kwa njiwa ni nguvu ya kumsukuma, na pia ni barua inayomweleza kuhusu nchi zilizo mbali. Njiwa aliyelelewa kwenye sanduku lililozibwa pande zote amenyimwa barua hizo.

Na hata ukipanga yote, anga lina mambo yake. Tarehe 29 Juni 1997, chama cha mbio za njiwa cha Uingereza kilisherehekea miaka mia moja kwa kuachia zaidi ya njiwa 60,000 kutoka Nantes, Ufaransa. Hali ya hewa nzuri, msimu mzuri, asubuhi. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena. Mwaka 2000 mtaalamu wa miamba wa Marekani, Jonathan Hagstrum, alitoa maelezo: njiwa husikia sauti nzito mno ambazo sisi hatuzisikii, huzitumia kutambua njia, na siku ile mshindo wa ndege ya Concorde, iliyokuwa ikienda kasi kuliko sauti juu ya mlango wa bahari, uliwavuruga njiani. Ni dhana, haijamaliza mjadala. Lakini njiwa kutorudi siku nzuri ilikuwa fumbo kubwa kiasi cha kumtoa mtaalamu wa miamba kwenye miamba yake.

Jua la Ngara

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo ninapotaka ufikiri pamoja nami.

Majaribio niliyoyataja yalifanyika Marekani na Ulaya, latitudo nyuzi 40 kaskazini na zaidi. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Linachomoza mashariki, linapita kusini, linazama magharibi, kila siku kutoka kushoto kwenda kulia kwa anayelitazama. Hata njiwa mvivu anaweza kulikariri.

Ngara iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Toka nje mwezi Juni mchana, utazame kivuli chako: kimelala upande wa kusini, maana jua liko kaskazini. Toka tena Desemba: kivuli kimehamia kaskazini, jua liko kusini. Na katikati, kama katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua linapita utosini kabisa, na kivuli kinajificha miguuni. Maana yake ni kwamba kwa anayelifuata kwa macho, jua la Ngara huzunguka kuelekea kushoto nusu ya mwaka, na kuelekea kulia nusu nyingine. Dira ya jua ya njiwa wa Ngara lazima isomwe upya mara mbili kwa mwaka.

Lile jaribio la kuhamisha saa nalo hapa lingetoa majibu mengine. Chukua siku ya mwisho ya Septemba. Saa mbili asubuhi jua liko mashariki. Saa sita mchana bado liko mashariki, limepanda tu. Njiwa uliyemdanganya kwa saa hizo nne hatapotea hata kidogo. Lakini saa nne asubuhi liko mashariki, na saa kumi jioni liko magharibi. Mdanganye kwa saa hizo sita, ataruka upande wa kinyume kabisa, nyuzi 180. Na karibu saa saba, jua likiwa utosini, halionyeshi upande wowote. Nimesema saa saba, sikukosea. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini Ngara iko mbali magharibi, kwa hiyo jua letu linachelewa zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar es Salaam na linafika juu karibu saa saba. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, unarudisha saa yako nyuma kwa saa nzima. Njiwa akivuka hagusi kitu. Yeye anahesabu kuanzia mapambazuko, kama saa ya Kiswahili inavyohesabu.

Kama ningepewa kazi ya kupanga msimu wa mbio huku kwetu, basi, ningefanya hivi. Ningeacha masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, nikachagua kiangazi, Juni hadi Agosti, pepo za kusini mashariki zinapovuma na mawingu ya mvua yamekwisha. Njiwa anayetoka Biharamulo kuja Ngara anaelekea magharibi, kwa hiyo upepo huo unamsaidia mgongoni. Ningewaachia asubuhi, lakini si alfajiri, kwa sababu mabonde ya Ruvubu na Kagera hujaa ukungu. Ningesubiri ukungu upande, kama saa mbili na nusu, jua likiwa bado chini upande wa mashariki, linasomeka vizuri. Na ningewazoesha kidogokidogo: leo kilomita 5, wiki ijayo 15, halafu 40. Hivyo ndivyo wafugaji wa Ubelgiji wanavyofanya, na hakuna njia ya mkato.

Hukumu

Sasa soma tena mashtaka dhidi ya mjomba.

Njiwa walikuwa wa kawaida wa nyumbani, si wa mbegu ya mbio. Hawakuwahi kuzoeshwa, safari yao ya kwanza ilikuwa kama kilomita 75 kwa mstari wa moja kwa moja, na barabara iliyozunguka kupitia Lusahunga haikuwafundisha kitu, maana walikuwa ndani ya tenga lililofunikwa. Ilikuwa Novemba, katikati ya vuli. Waliachiwa saa nane mchana, saa ambayo katika msimu wa mvua mawingu ya radi huwa yameanza kujikusanya. Wakiwa na bahati zote walihitaji saa moja ya kuruka bila kukosea. Wakikosea, giza lilikuwa mbele yao, na msitu wenye mwewe na vipanga katikati.

Mmoja alirudi siku ya tatu. Zamani tuliuona huo kama ushahidi kwamba mjomba aliwabakiza watatu mfukoni. Mimi leo nauona kinyume. Mtu aliyewauza njiwa angeuza wote wanne. Yule mmoja mwenye mkia ulionyofoka ndiye shahidi kwamba waliachiwa, na kwamba njia ilikuwa mbaya. Wafaransa, na njiwa wao waliozoeshwa, katika majira mabaya walipata mmoja kwa watano. Kaka alipata mmoja kwa wanne. Kwa kweli alifanya vizuri.

Nilimpigia kaka nikamweleza yote haya. Alinyamaza kwanza, halafu akauliza swali moja: "Kwa hiyo ningemwambia awafungulie asubuhi, wangerudi?" Nikamjibu kwamba asubuhi, mwezi wa Julai, baada ya mazoezi ya wiki kadhaa, huenda wangerudi wawili au watatu. Akasema, "Basi kosa lilikuwa la maagizo."

Wiki iliyofuata mjomba alinipigia, anashangaa. Kaka amempigia simu, wameongea karibu nusu saa, na hakuna msiba wala harusi.

Sasa zamu yako, msomaji. Kama una njiwa, na uko popote karibu na ikweta, anza na daftari. Mwachie njiwa wako kutoka umbali mdogo, kilomita 3 au 5, siku ya jua na siku ya mawingu, asubuhi na saa saba mchana. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, kivuli chako kimelala upande gani, na amechukua dakika ngapi. Fanya hivyo Juni, na ufanye tena Desemba, jua likiwa limehamia upande wa pili. Halafu tuandikie ulichokiona. Na ukimpa mtu tenga, mpe na saa.